UZI: Wynn Las Vegas, kasino iliyosimama juu ya kiwanja cha Desert Inn. Karibuni tuitembee

Mpima Viwanja

Wakuu, habari zenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama atarudi baadaye.

Watu wengi wakifika Las Vegas hupiga picha chemchemi za Bellagio, hupanda mashua kwenye mifereji ya Venetian, halafu huondoka bila kujua walikuwa wamesimama wapi. Bellagio imekaa pale ilipokuwa Dunes, hoteli ya mwaka 1955 iliyolipuliwa Oktoba 1993. Venetian ipo kwenye kiwanja cha Sands, iliyoangushwa Novemba 1996. Mandalay Bay imechukua nafasi ya Hacienda, na ile iliporomoshwa saa chache kabla ya kuingia mwaka 1997, watu wakishangilia barabarani. Karibu kila jumba kubwa unaloliona pale limekaa juu ya kaburi la jingine.

Mimi nimeichagua Wynn kwa sababu ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi kuliko zote. Hoja yangu naiweka mapema: Steve Wynn, aliyenunua Desert Inn, hoteli ya zamani iliyokuwa kwenye kiwanja hiki, hakuwa anataka hoteli. Alitaka ardhi, na pamoja na ardhi alipata haki za maji, yaani ruhusa ya kisheria ya kuyavuta na kuyatumia. Ukiingia Wynn ukiwa na wazo hilo kichwani, kila unachokiona ndani kinaanza kueleweka.

Tuanze na marehemu. Desert Inn ilianzishwa na Wilbur Clark. Alianza ujenzi mwaka 1947 kwa mtaji mdogo, pesa zikamwishia, mifupa ya jengo ikabaki jangwani muda mrefu. Waliomwokoa ni kundi la Moe Dalitz kutoka Cleveland, watu waliotajirika kwa pombe ya magendo miaka ile Marekani ilipopiga marufuku pombe. Wakachukua sehemu kubwa ya umiliki, Clark akaachiwa jina lake kwenye bango na kazi ya kupeana mikono na wageni. Ilifunguliwa tarehe 24 Aprili 1950. Mwaka uliofuata Frank Sinatra akaimba Las Vegas kwa mara ya kwanza, na aliimbia hapo.

Juu ya paa kulikuwa na baa ya vioo iliyoitwa Sky Room. Kuanzia Januari 1951 serikali ya Marekani ilikuwa inajaribu mabomu ya nyuklia jangwani, kama kilomita 100 hivi kaskazini-magharibi mwa mji. Wageni wa Desert Inn walikuwa wanakesha na glasi mkononi wakisubiri mwanga wa bomu alfajiri. Nililijua hilo kabla ya kwenda, lakini kusimama mahali penyewe ukalifikiria ni kitu kingine. Watu wale walilifanya bomu kuwa burudani ya kusindikizia kinywaji, na upepo ulikuwa unabeba vumbi lake hadi kwa wakazi wa mashariki mwa uwanja wa majaribio.

Kitu cha pili, na ndicho kikubwa, ni uwanja wa gofu. Nyuma ya hoteli walitengeneza uwanja wa mashimo 18 katikati ya jangwa, na mwaka 1953 wakaanzisha mashindano ya mabingwa. Mshindi alilipwa dola 10,000 kwa sarafu za fedha zilizojazwa kwenye toroli. Uwanja wa gofu jangwani unakunywa maji mwaka mzima. Ndiyo maana hoteli ikawa na visima na haki za maji, na ndiyo maana ikashika eneo kubwa ambalo leo hii huwezi kulipata tena kwenye Strip, ile barabara kuu ya kasino, kwa bei yoyote.

Sehemu ya Howard Hughes nitaileta, ngoja nipumzishe vidole.

Safina

Nimeweka kambi. Ila swali la haraka kaka: mtu asiyecheza kamari anaruhusiwa kuingia humo? Na watoto je?

Mpima Viwanja

Dada Safina, unaingia bure na hakuna tiketi mlangoni. Kasino zote kubwa za Las Vegas zina milango iliyo wazi saa 24, wao wanataka uingie tu. Umri wa kucheza ni miaka 21. Mtoto anaruhusiwa kupita na mzazi kwenye njia kuelekea mgahawani au dukani, lakini akisimama karibu na mashine au meza, mlinzi atakuja kuwaambia msogee. Ukiwa na sura ya kijana beba kitambulisho. Picha za jumla hakuna anayekusumbua, ila usielekeze kamera mezani watu wanapocheza, na ukikaa mezani simu inawekwa pembeni.

Sasa Hughes. Novemba 1966 bilionea huyu alifika Las Vegas kwa treni usiku, akabebwa kwenye machela hadi Desert Inn, akachukua ghorofa mbili za juu yeye na wasaidizi wake. Wasaidizi hawakuwa wanacheza kamari. Menejimenti ikaona hasara, maana vyumba vile ni vya wachezaji wakubwa na sikukuu zilikuwa zinakaribia, ikataka waondoke. Hughes akainunua hoteli, kwa kiasi cha dola milioni 13, mwaka 1967. Akaendelea kununua: Sands, Frontier, Castaways, Silver Slipper, Landmark, na hata kituo cha televisheni cha mji ili kirushe filamu usiku kucha. Akakaa ghorofani na mapazia yamefungwa hadi Novemba 1970, alipoondolewa usiku kwa siri. Inasemwa sana kwamba pesa zake ndizo zilizofungua njia ya makampuni makubwa kuchukua nafasi ya magenge, na naona kuna ukweli mwingi humo.

Baada ya hapo Desert Inn ikapita mikono mingi: Kirk Kerkorian, Sheraton, Starwood. Aprili 2000 ikasherehekea miaka 50, na siku chache baadaye Steve Wynn akainunua kwa takriban dola milioni 270. Agosti mwaka huohuo ikafungwa. Jengo la kwanza lililipuliwa Oktoba 2001. Majengo yaliyobaki yalitumika kwa muda kama ofisi na nyumba ya sanaa, kisha nayo yakalipuliwa Novemba 2004. Miezi mitano baadaye, tarehe 28 Aprili 2005, Wynn Las Vegas ikafunguliwa. Gharama: dola bilioni 2.7.

Linganisheni hizo namba mbili, milioni 270 na bilioni 2.7. Hoteli hai, yenye vyumba na jina linalojulikana nchi nzima, ilinunuliwa kwa sehemu ya kumi ya gharama ya kilichokuja kujengwa, na ikavunjwa. Huyu bwana alishafanya hivyo kabla. Mirage aliijenga kwenye ardhi ya Castaways, ambayo nayo ilikuwa mali ya kampuni ya Hughes. Bellagio akaiweka kwenye ardhi ya Dunes, ambayo pia ilikuwa na uwanja wake wa gofu.

Fundi Zege

Mkuu, umenigusa kwenye taaluma yangu. Watu hudhani jengo linajazwa baruti likapasuka kama bomu. Kazi yenyewe inachukua wiki nyingi: wanatoa vioo, nyaya, mabomba, kuta nyepesi zote, kila chenye sumu kinatolewa kwanza. Halafu wanatoboa nguzo za zege kwenye ghorofa chache tu na kutia baruti humo. Nguzo za chuma zinafungwa vilipuzi maalumu vinavyokata. Zinalipuka kwa kupishana sehemu za sekunde ili jengo liegemee upande wanaoutaka. Kinacholiangusha ni uzito wake lenyewe. Tropicana ya mwaka 1957 ndivyo ilivyokwenda Oktoba 2024, saa nane na nusu usiku, tena na fataki na droni juu, ili kupisha uwanja wa besiboli.

Swali langu: jengo la miaka 50 ni la kihistoria kweli? Mji ule una sheria gani ya kulinda majengo?

Mpima Viwanja

Asante fundi kwa somo. Umri peke yake hauamui. Las Vegas yenyewe ni mji wa mwaka 1905, na kamari ilihalalishwa Nevada mwaka 1931. Hoteli ya 1950 ilikuwa ya tano tu kwenye barabara ile. Kwa mji wenye umri huo, Desert Inn ilikuwa miongoni mwa majengo ya mwanzo kabisa, na hakuna kilichoizuia baruti. Pesa zikisema vunja, panavunjwa. Mimi jambo hili linaniuma na sioni haya kulisema. Wangeweza kubakiza hata bawa moja.

Haya, tuingie ndani.

Ukiwa barabarani huioni hoteli vizuri. Unaona mnara wa kioo cha rangi ya shaba uliopinda, na mbele yake mlima. Ni mlima wa kutengenezwa, una urefu wa kama mita 40, umepandwa misonobari na una maporomoko ya maji. Hoteli alizojenga Wynn mwanzoni ziliweka maonyesho nje: volkano ya Mirage, chemchemi za Bellagio, mpita njia anaangalia bure na kuendelea zake. Hapa mlima unakuficha. Upande wa pili wake kuna ziwa dogo lenye maonyesho ya taa na muziki kila usiku, na huwezi kuliona mpaka uingie ndani. Kuna chura mkubwa anayeibuka juu ya maporomoko akiimba, watu wazima wanasimama na kumshangaa kwa furaha kabisa.

Mimi niliingia kwa daraja la waenda kwa miguu linalotoka jengo la maduka la Fashion Show. Unapita kwanza kwenye maduka ya bei za kutisha, kisha unafika kwenye ukumbi wenye miti halisi iliyotundikwa mipira mikubwa ya maua, na paa la kioo linaloingiza jua. Hapo nawaomba muangalie chini. Sakafu imetengenezwa kwa vigae vidogo sana vya rangi, vimepangwa kimoja kimoja kutengeneza maua na vipepeo. Nilichuchumaa kugusa. Vipande vingine ni vidogo kuliko ukucha wa kidole changu kidogo, na mstari wa ua unapinda bila kukatika hata pale unapokutana na zulia. Fundi aliyefanya kazi ile anastahili jina lake kuandikwa ukutani.

Na kuna sababu ya mwanga ule. Kasino za zamani zilifuata kanuni ya dari fupi, njia za kukupoteza, hakuna dirisha wala saa, ili mtu asahau muda. Mbunifu wa Wynn, Roger Thomas, alikwenda kinyume: dari refu, mwanga wa mchana, maua, viti vizuri, njia pana. Fikra yake ni kwamba mtu anayejisikia vizuri hukaa zaidi na hutumia zaidi. Kwa hiyo uzuri ule ni wa kweli, na kazi yake ni hiyohiyo iliyokuwa ya dari fupi. Saa ya ukutani bado sikuiona.

Angalia pia vitufe vya lifti. Ghorofa za 40 hadi 49 hazipo. Wachezaji wengi wakubwa wanatoka Asia Mashariki, na kwa Wachina namba nne ni mkosi, basi zikarukwa zote.

Mjukuu wa Pili

Maelezo matamu. Ila umepita haraka sehemu moja. Desert Inn ya miaka ya 50, mtu mweusi angeruhusiwa kulala?

Mpima Viwanja

Asingeruhusiwa, ndugu yangu, na vizuri umeuliza. Hoteli za barabara ile zilikuwa za kibaguzi. Wasanii kama Nat King Cole na Sammy Davis Jr. walijaza kumbi, shoo ikiisha wanatolewa kwenda kulala Westside, mtaa wa weusi ng'ambo ya reli, kwenye nyumba za kupangisha vyumba. Mei 1955 ilifunguliwa Moulin Rouge, hoteli ya kwanza ya kasino mjini pale iliyopokea watu wa rangi zote, na bondia Joe Louis alikuwa mmoja wa wenye hisa akiwapokea wageni. Haikumaliza mwaka, ikafungwa. Lakini jengo lake ndilo lililotumika Machi 1960 kwa kikao kilichomaliza ubaguzi kwenye hoteli. Daktari wa meno James McMillan, kiongozi mjini wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, alikuwa ametishia maandamano, wenye kasino wakaona biashara itaharibika, wakakubali. Moulin Rouge nayo haipo tena, iliungua moto na mabaki yakabomolewa. Kwa hiyo tukiilia Desert Inn, tukumbuke haikuwa ya watu wote.

Zamu ya Usiku

Nimesoma kimya, acha nichangie. Nafanya usafi wa vyumba kwenye hoteli mojawapo ya barabara hiyo, siitaji. Watalii wanaangalia maua, mimi naangalia watu wa nyuma ya mlango usio na bango. Kuna mji mzima chini na nyuma: jiko, kufulia, sare, korido ndefu za zege zisizo na zulia. Kitanda kimoja cha hoteli ya namna hii kina godoro zito unaloliinua kila kona, mito mingi, shuka za kuvutwa mpaka zikaze. Mgongo unajua.

Kinachotushika ni chama cha wafanyakazi, Culinary Local 226. Hapo hapo alipo mtoa mada, ng'ambo ya barabara kulikuwa na Frontier. Wafanyakazi wake waligoma Septemba 1991 na mgomo ukaisha Februari 1998. Zaidi ya miaka sita, jua la jangwani, wakipokezana mabango usiku na mchana, na hakuna hata mmoja aliyevunja mgomo. Walishinda, kazi zikarudi. Halafu Novemba 2007 Frontier ikalipuliwa, na ule upande wa barabara ukabaki vumbi. Wageni wakinisimulia historia ya Sinatra nawasikiliza, lakini historia yangu ni ile. Mkija, acheni dola chache juu ya mto, kila siku, maana anayesafisha leo siye atakayesafisha siku mnayoondoka.

Mpima Viwanja

Dada yangu au kaka yangu, nakuvulia kofia. Niongeze kwenye lako: hicho kiwanja kitupu cha Frontier baadaye kilikuja kununuliwa na Wynn Resorts. Ardhi tena.

Na hapo ndipo nirudi kwenye gofu. Mwaka 2005 uwanja ulichorwa upya na Tom Fazio, ila miti zaidi ya elfu moja ya Desert Inn iliachwa. Desemba 2017 uwanja ukafungwa, ulikuwa ugeuzwe kuwa ziwa kubwa la starehe. Februari 2018 Steve Wynn akajiuzulu kwa tuhuma za unyanyasaji wa kingono, ambazo alizikana, na uongozi mpya ukafuta mpango wa ziwa. Oktoba 2019 gofu ikarudi. Vyumba vya upande wa mashariki vinaiangalia moja kwa moja. Ukisimama dirishani unaona kijani kibichi, vilele vya miti mirefu iliyokwishakuwa mizee, halafu nyumba, halafu milima mikavu. Miti ile ndiyo Desert Inn iliyobaki, na iliponea chupuchupu.

Safina

Kaka, kucheza je? Nikitenga dola mia moja tu za kujaribu, nikae wapi?

Mpima Viwanja

Ningependa usicheze, lakini umeuliza kwa uwazi nami nitakujibu kwa uwazi. Kila mchezo umepangwa nyumba ishinde, tofauti ni kasi. Angalia gurudumu la ruleti kabla hujakaa. Lenye sifuri moja linakula wastani wa dola 2.70 kwa kila 100 zinazowekwa. Lenye sifuri mbili linakula 5.26. Siku hizi kuna ya sifuri tatu, hiyo 7.69, na watu wanaijaza kwa sababu dau lake la chini ni dogo. Kwenye blekijeki, mchezo wa karata wa kufikisha 21, soma maandishi yaliyochapwa kwenye kitambaa cha meza: yakisema inalipa 3 kwa 2 kaa, yakisema 6 kwa 5 ondoka. Bakarati, mchezo mwingine wa karata, weka dau upande wa benki au wa mchezaji na usiguse dau la sare, linakula zaidi ya dola 14 kwa kila 100. Mashine za kamari ndizo za kuogopwa zaidi. Sheria ya Nevada inazitaka zirudishe angalau asilimia 75, na nyingi zinarudisha zaidi ya hapo, lakini mkono unabonyeza mara mamia kwa saa, na hizo dola mia zitazungushwa mpaka zikauke. Vinywaji ni bure ukiwa unacheza, mpe mhudumu dola moja au mbili. Usitoe pesa kwenye mashine za benki zilizomo ndani, makato yake ni makubwa. Na ukilala pale, kuna ada ya hoteli ya kila usiku na kodi juu yake, soma mpaka mwisho kabla hujabonyeza.

Mjukuu wa Pili

Nikitaka kuona vitu vya zamani vyenyewe, siyo kuhadithiwa, niende wapi?

Mpima Viwanja

Nenda Neon Museum, kaskazini ya katikati ya mji. Mabango ya hoteli zilizokufa yamewekwa uani: Stardust, Moulin Rouge na mengine mengi. Ukumbi wa kupokelea wageni wenyewe ni kipande cha historia, ulikuwa mapokezi ya moteli ya La Concha ya mwaka 1961, kazi ya Paul Revere Williams, msanifu majengo mweusi aliyechorea matajiri wa California nyumba. Waliukata vipande, wakausafirisha na kuuunganisha upya, kwa hiyo fundi, unaona kumbe inawezekana kuokoa jengo. Kata tiketi ya jioni mapema, zinaisha. Ukitoka hapo shuka hadi mtaa wa Fremont, uone El Cortez ya 1941 bado inafanya kazi, na Golden Gate iliyoanza kama Hotel Nevada mwaka 1906. Basi la Deuce linaunganisha huko na barabara ya kasino saa zote.